Mnara wa Bukoba na Cheti cha Mboya

Mtihani wa Security+ una maswali yasiyozidi 90, na unafanywa kwa dakika 90. Alama zinahesabiwa kuanzia 100 hadi 900, na ukifika 750 umepita. Bei yake kule Marekani imevuka dola 400, ambazo kwa pesa zetu ni zaidi ya shilingi 50,000. Cheti kinadumu miaka mitatu, kisha unatakiwa kukihuisha, na kuhuisha nako kuna gharama. Kinatolewa kwa jina la CompTIA, lililoanza huko Marekani mwaka 1982 kama chama cha wafanyabiashara wa kompyuta. Mtihani wenyewe wa ulinzi wa mtandao ulianza 2002.

Huku Rusinga na ng'ambo ya daraja, Mbita, kuna vijana wanaojiandaa kwa mtihani huu au kwa ndugu zake. Wanasoma kwa simu, usiku, bando la bei nafuu likiwashwa. Mimi ni mmoja wao. Niliacha chuo kikuu katikati karo ilipokwama, na sasa naandika makala za kulipwa kwa neno huku nikisoma habari za ruta na fayawoli. Tunaambiwa mambo mawili kila siku. La kwanza, kwamba ulinzi wa mtandao ni kitu kipya kilichotoka mbali. La pili, kwamba cheti ndicho ufunguo, ukishakipata umemaliza. Nataka kubishana na yote mawili, na historia ya ziwa hili inatosha kunisaidia.

Tuanze na somo lenyewe. Linasimama juu ya maneno matatu: usiri, ukamilifu na upatikanaji. Usiri ni kwamba asiyehusika asione ujumbe wako. Ukamilifu ni kwamba ujumbe ufike kama ulivyotumwa, bila mtu kuuchezea njiani. Upatikanaji ni kwamba huduma iwepo pale unapoihitaji. Maswali mengi ya mtihani, ukiyavua nguo, yanakuuliza tu ni lipi kati ya hayo matatu limevunjwa na ungefanya nini.

Ukiuliza historia, mara nyingi utapelekwa Marekani, tarehe 2 Novemba 1988. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell, Robert Morris, aliachilia programu iliyojinakili yenyewe kutoka kompyuta moja hadi nyingine. Kwa makadirio ya wakati ule, kompyuta kama 6,000 zililemewa, na intaneti nzima ilikuwa na kama 60,000 tu. Mwezi huo huo, Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon kikapewa kazi ya kuanzisha kikosi cha dharura cha kompyuta, CERT. Kenya nayo sasa ina kikosi cha aina hiyo chini ya Mamlaka ya Mawasiliano. Hiyo ni historia ya kweli, sina ugomvi nayo. Ila haikuwa mara ya kwanza mtandao kushambuliwa. Ziwa letu lilishaona.

Juni 1915, katikati ya Vita Vikuu vya Kwanza, Waingereza walikusanya Kisumu wanajeshi wapatao 1,500: askari wa King's African Rifles, Wahindi wa kikosi cha Punjab, na Waingereza wenyewe. Reli ilikuwa imefika Kisumu tangu 1901, kwa hiyo watu na mizinga vilishushwa pale na kupakiwa melini. Njia ya meli kutoka ghuba ya Winam kwenda ziwa kuu hupita mlango wa Rusinga, kaskazini mwa kisiwa chetu. Meli moja iliyobeba wanajeshi ziwani katika vita vile iliitwa SS Rusinga. Walikuwa wanaenda Bukoba, upande wa Wajerumani, na moja ya shabaha zao kuu ilikuwa mnara wa redio.

Tarehe 22 walishuka karibu na mji. Siku iliyofuata mji ukaanguka. Ngome ikalipuliwa, mnara ukaangushwa, nyumba zikaporwa. Kwa mnara ule Wajerumani walikuwa wakipeana habari kuvuka nchi ambayo kwa miguu ingechukua siku nyingi. Ulipolala chini, habari zikalala nao. Hakuna aliyehitaji kuvunja msimbo wa mtu. Mpe mtahiniwa wa leo kisa hicho, atajibu kabla hujamaliza kusoma swali: kilichovunjwa ni upatikanaji.

Usiri nao una kisa chake katika vita vile vile. Mwanzoni mwa Agosti 1914, meli ya Uingereza ilikata nyaya za simu za Wajerumani zilizolala chini ya bahari. Baada ya hapo Ujerumani ikalazimika kupitisha jumbe zake nyingi hewani au katika nyaya za watu wengine. Mwaka 1917 waziri wake wa mambo ya nje, Zimmermann, alituma ujumbe wa siri kuelekea Mexico kwa njia iliyopitia London. Waingereza wakaudaka, wakaufumbua, na ukasaidia kuisukuma Marekani kuingia vitani. Aliyekata waya hakuzuia tu mazungumzo. Aliyahamisha hadi mahali ambapo angeweza kuyasikiliza.

Lakini kuna jambo ambalo vitabu vya mtihani havina nafasi ya kusema. Mtandao wa 1915 ulikuwa wa Wajerumani na shambulio lilikuwa la Waingereza. Watu wa kando ya ziwa walikuwamo kama askari, kama wenye nyumba zilizoporwa, na zaidi ya yote kama wapagazi. Wanaume wengi wa Nyanza walichukuliwa katika Carrier Corps, kikosi kilichotuachia jina la Kariokor pale Nairobi na Kariakoo pale Dar es Salaam. Walibeba kila kitu isipokuwa uamuzi.

Sasa ruka hadi mwaka 2000. Kenya ina intaneti, lakini barua pepe kutoka ofisi moja ya Nairobi kwenda ofisi ya jirani yake inaweza kupanda setilaiti, ikatua ng'ambo, kisha ikarudi, endapo ofisi hizo mbili zinatumia kampuni tofauti za intaneti. Tunalipia safari mbili za kimataifa ili kuongea na mtu wa mtaa huo huo. Ukikumbuka kisa cha Zimmermann, utaona hasara haikuwa ya pesa tu. Ujumbe wa nyumbani ulikuwa ukizunguka katika njia za watu wengine.

Kampuni za intaneti za hapa zikaungana na kujenga kituo cha kubadilishana data, KIXP, Nairobi. Kilifunguliwa Novemba 2000. Telkom Kenya, iliyokuwa na haki ya pekee ya njia za kimataifa, ikalalamika, na kabla ya mwaka kuisha msimamizi wa mawasiliano akaamuru kizimwe. Wale watu hawakwenda nyumbani. Walibishana, wakaeleza kwamba data ya ndani si simu ya kimataifa, wakatishia kwenda kortini. Novemba 2001 wakapata leseni, na Februari 2002 kituo kikawashwa tena. Tangu hapo ujumbe wa Nairobi kwenda Nairobi umeweza kubaki Nairobi. Kazi ile ya ulinzi, ya usiri na upatikanaji kwa pamoja, ilifanywa na mafundi na wafanyabiashara waliojipanga, wakati Security+ ilikuwa haijaanza hata kutolewa.

Machi 2007 ikaja M-Pesa, na hapo ulinzi wa mtandao ukaingia mfukoni mwa kila mtu. Mvuvi wa omena akishukisha mzigo alfajiri, mnunuzi anamlipa kwa simu. Mama asiyejua kusoma Kiingereza ana PIN ya tarakimu nne na anajua haitajwi. Matapeli nao hawakuchelewa. SMS ya uongo inayosema umepokea pesa. Sauti ya upole inayosema imetuma kimakosa, tafadhali rudisha. Mtu anayesajili laini yako upya kwa jina lako na kuondoka na salio. Kitabu cha mtihani kina jina kwa kila ulaghai: wa sauti una lake, wa SMS una lake, wa kuhamisha laini una lake. Mtahiniwa wa London pengine anayakariri. Mtoto wa Mbita amekua akiyasikia sokoni, anachokosa ni majina tu.

Halafu Julai 2023. Huduma za serikali zaidi ya 5,000 zilikuwa zimehamishiwa eCitizen. Wiki ya mwisho ya mwezi huo tovuti ikaanza kukwama. Watu wakakosa vibali na pasipoti, tiketi za treni zikasumbua, hata kununua tokeni za stima kukawa shida. Kundi lililojiita Anonymous Sudan likadai ndilo lililofanya. Waziri wa wakati huo, Eliud Owalo, alikiri kwamba kulikuwa na shambulio na akasema hakuna data iliyopotea. Oktoba 2024, waendesha mashtaka wa Marekani walitangaza mashtaka dhidi ya ndugu wawili Wasudani kuhusu kundi hilo.

Lilifanyikaje? Fikiria matatu elfu moja zisizo na abiria zikiingia kwa pamoja stendi ya Mbita. Hazijaiba kitu, hazijagonga mtu, lakini mgonjwa anayetaka kufika hospitali Homa Bay hatoki. Seva zilijazwa maombi ya uongo hadi maombi ya kweli yakakosa nafasi. Ni Bukoba tena, bila mizinga. Kilichovunjwa ni upatikanaji.

Kwa hiyo hilo la kwanza, kwamba mambo haya ni mapya na ya mbali, si kweli. Tubaki na la pili: cheti.

Kila mtoto wa Rusinga ameliona kaburi la Tom Mboya. Tunajua alizaliwa 1930, tunajua risasi ya tarehe 5 Julai 1969. Kinachosahaulika ni kwamba aliingia duniani kwa mtihani wa cheti cha taaluma, kama hawa vijana wa bando la usiku. Aliacha masomo Mang'u kwa kukosa pesa. Akaenda kusomea ukaguzi wa afya katika Jeanes School, Kabete, mahali ambapo leo ni Kenya School of Government, na mwaka 1950 akahitimu kwa mtihani wa Royal Sanitary Institute ya Uingereza. Kazi ya mkaguzi wa afya ilikuwa kuzuia ugonjwa kabla haujasambaa: maji, maziwa, nyama, vyoo. Si mbali na kazi ya mlinzi wa mtandao.

Cheti kilimpa kazi katika Baraza la Jiji la Nairobi. Hakikumpa zaidi ya hapo. Mkaguzi Mwafrika alilipwa sehemu ndogo tu ya mshahara wa mkaguzi Mzungu kwa kazi ile ile. Katika kitabu chake cha 1963, Freedom and After, anasimulia jinsi mama mmoja Mzungu alivyoingia na chupa ya maziwa ya kupimwa, akatazama huku na huku, akauliza kama hakuna mtu humo ndani. Mboya alikuwa amesimama mbele yake.

Alichofanya baadaye ndicho ninachotaka tukisome pamoja na maswali 90. Hakutupa cheti, na hakukaa akisubiri cheti kimtetee. Aliingia katika chama cha wafanyakazi Waafrika wa baraza, akakiongoza, akakigeuza kuwa chama kamili cha wafanyakazi wa serikali za mitaa. Mwaka 1953 akawa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi nchini. Aliendelea pia kusoma, kwa posta na chuo cha Afrika Kusini, kisha Ruskin, Oxford, mwaka 1955. Mwaka 1959 wanafunzi 81 wakapanda ndege ya kwanza kwenda Marekani kwa mpango alioutafutia pesa. Cheti kilimfungulia mlango, ila malipo na heshima alivipigania pamoja na wenzake.

Sisemi vijana wasifanye mtihani. Tangu 2020 unaweza kuufanyia nyumbani mbele ya kamera, mradi chumba kiwe kitupu, mtu asiingie, na intaneti isikatike. Kwa nyumba ya chumba kimoja yenye watoto watano, hilo nalo ni mtihani. Wanaoweza kuchanga na kukodi chumba kimoja chenye stima ya uhakika, wachange. Wakisoma kikundi, gharama ya vitabu inagawanyika, na mmoja akiitwa kazi atawaambia wengine analipwa ngapi.

Na kazi isitafutwe Nairobi pekee. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamtaka anayehifadhi taarifa za watu azilinde, na zikivuja katika namna inayoweza kuwadhuru, amjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72. Sheria inazungumza pia na zahanati yenye orodha ya wagonjwa wa virusi, shule yenye namba za wazazi, sacco yenye akiba za wavuvi, na kikundi cha ufuoni chenye daftari la wenye mashua ambalo sasa liko kwenye simu ya katibu. Kabla ya kulipia mtihani, nenda kwa mmoja wao umuulize: simu hii ikiibiwa leo, nani ataona majina haya, na nakala iko wapi? Akikosa jibu, keti naye muanze kulitafuta.