Haki za binadamu ndani ya miradi ya maendeleo: namna ya kuzifuata na kushirikiana ujuzi

Katika vijiji na mitaa yetu ya mashariki ya Kongo, mradi hujulikana kwa kibao chake: jina la shirika, jina la mfadhili, hesabu ya mabomba. Miaka inapita, bomba linaharibika, kibao kinabaki. Watu husema, "Wafadhili wameenda." Lakini ni nani aliyekuwa na wajibu wa kuangalia maji yaendelee kutoka? Swali hilo ndilo mwanzo wa maendeleo yanayosimama juu ya haki za binadamu.

Maana yake

Mwaka 1997 Kofi Annan, katibu mkuu wa Umoja wa Mataifa, aliomba haki za binadamu ziingizwe katika kazi zote za ONU. Mwaka 2003 mashirika ya ONU yalipatana juu ya mambo matatu. Kwanza, lengo la kila mradi ni kutimiza haki za binadamu. Pili, haki hizo zinaongoza kazi katika kila hatua, tangu kupanga hadi kupima matokeo. Tatu, mradi unawajenga watu wa pande mbili: wenye haki, wapate kudai haki zao, na wenye wajibu, wapate kuutimiza. Mwenye wajibu wa kwanza ni serikali.

Mfano wa maji

Katiba yetu ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 48, inahakikisha haki ya kupata maji safi ya kunywa. Tarehe 28 Julai 2010 Mkutano Mkuu wa ONU nao ulitambua kwamba maji safi ni haki ya binadamu. Basi mama anayesimama kwenye mstari na bidoni yake haombi sadaka.

Komite inayofuata njia hii huuliza: Nani alichagua mahali pa bomba? Mjane, mkimbizi wa ndani, Mbuti na mlemavu wanafika? Pesa za bidoni zinahesabiwa mbele ya nani? Mtu akionewa, analalamika wapi? Na ni ofisi gani ya serikali inayojua kwamba bomba hili liko chini ya wajibu wake? Kuchangia franga za matengenezo si kosa. Shida ni pale wananchi wanapochanga bila kupewa hesabu, na serikali inasahauliwa kabisa.

Kwa nini kushirikiana ujuzi

Sheria haisemi namna ya kufanya kazi kijijini. Hilo linajulikana kwa wale waliojaribu. Ndiyo sababu wafanyakazi wa ONU walikuwa na mtandao wa intaneti ulioitwa HuriTALK, chini ya PNUD. Mtu alituma swali kutoka nchi yake, wenzake wa nchi nyingine wakamjibu kwa yale waliyoyaona kazini, na majibu yakakusanywa ili wengine wayatumie.

Parokia zetu zinaweza kufanya vivyo hivyo kwa simu, zikishika mambo manne:

1. Kuandika yaliyofaulu na yaliyoshindikana pia. Habari za sifa tupu hazimfundishi mtu.
2. Kuchagua mtu mmoja wa kukusanya majibu, yasipotee katikati ya salamu na matangazo.
3. Kuyasoma majibu kwa sauti katika mikutano, kwa Kiswahili au lugha ya mahali, kwa sababu wengi hawana simu ya intaneti.
4. Kulinda watu. Jina, picha au mtaa wa mtu aliyelalamika, zaidi sana aliyebakwa, visitumwe kamwe katika kundi. Mahali penye silaha, ujumbe uliokwisha kutoka haurudi tena, na anayelipa ni yule aliyetajwa.

Kanisa nalo lina wajibu

Kifungu cha 43 cha Katiba kinasema masomo ya msingi katika shule za umma ni ya lazima na ya bure. Shule zinazosimamiwa na makanisa kwa mapatano na serikali zimo katika hesabu hiyo, na tangu mwaka wa masomo 2019-2020 serikali ilianza kutekeleza masomo hayo ya bure. Mzazi akiuliza, "Pesa hii ni ya nini?", hamdharau mchungaji wala mkuu wa shule. Anastahili jibu. Mwalimu asiyelipwa naye ni mwenye haki, na wa kudaiwa ni serikali, si mtoto anayefukuzwa darasani. Wazazi, walimu na viongozi wa kanisa wakiandika barua moja kwa serikali, wanafanya kazi ile ile tunayoieleza hapa.

Parokia yenye mradi wa maji, shule au afya inaweza kuanza katika mkutano wake ujao: iandike kwenye karatasi moja wenye haki ni nani, wenye wajibu ni nani, na malalamiko yanapelekwa wapi. Karatasi hiyo ibandikwe hapo hapo, karibu na kibao cha mfadhili.