Haina Pa Kushika: Historia Fupi ya Ukingo wa Kioo cha Simu

Hivi karibuni, nikiwa safarini kutoka Nachingwea kwenda Ruangwa, simu yangu iliniponyoka ikaanguka sakafuni. Kioo hakikupasuka. Nusu ya juu iliendelea kuonyesha picha kama kawaida, ila kuanzia katikati kushuka chini palikuwa na giza tupu. Nilipofika Ruangwa nilimpelekea fundi mmoja kijana. Aliifungua, akaikagua kwa lenzi, kisha akanirudishia kwa upole: "Mwalimu, zile za zamani ningekuhangaikia. Hii haina pa kushika. Tubadilishe kioo kizima." Bei aliyonitajia ilikaribia bei ya simu yenyewe.

Kauli ile, "haina pa kushika", imenikaa kichwani tangu siku hiyo. Ina historia yake, na historia hiyo inatuhusu kuliko tunavyodhani.

Wengi wetu tuliokulia Tanzania Bara tulianza kuitazama televisheni tukiwa watu wazima. Zanzibar ilikuwa nayo, tena ya rangi, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kwetu Bara, ITV ilianza kurusha matangazo mwaka 1994. Ilikuwa enzi ya televisheni ya kichogo. Ndani ya kichogo kile mwale wa elektroni ulifyatuliwa kutoka nyuma, ukapita mbele ya kioo mstari baada ya mstari, ukichora picha. Kifaa kilikuwa kikubwa na kizito, lakini fundi alikifungua, akapata mahali pa kuingiza mkono, akabadili kapasita au akachomea upya mahali palipoachia risasi.

Kioo bapa kilizaliwa kwa wazo jingine. Mwaka 1962 Paul Weimer wa kampuni ya RCA, Marekani, alitangaza transista iliyotandazwa kama utando mwembamba. Mwaka 1979 Walter Spear na Peter LeComber wa Chuo Kikuu cha Dundee, Uskoti, pamoja na wenzao, walionyesha kwamba transista hiyo ingeweza kutengenezwa kwa silikoni isiyo na fuwele, ambayo hutandazwa juu ya kioo kipana kwa gharama nafuu. Sasa kila nukta ya picha ingekuwa na swichi yake.

Lakini swichi huhitaji wa kuziamuru. Kazi hiyo hufanywa na saketi za aina mbili: moja hufungua mistari ya nukta, mmoja baada ya mwingine kutoka juu hadi chini, nyingine huipa kila nukta ya mstari uliofunguliwa kiasi chake cha umeme. Chukua simu yenye mistari 2,400 inayochora picha upya mara 60 kwa sekunde. Kila mstari hupewa takriban sehemu 7 za milioni ya sekunde. Ikichora mara 120, muda huo hupungua kwa nusu. Silikoni isiyo na fuwele hupitisha elektroni polepole mno kuiweza kazi yote hiyo. Kwa hiyo saketi hizo zilitengenezwa kando, katika vipande vidogo vya silikoni ya fuwele, kisha zikabandikwa pembeni mwa kioo. Ndiyo sababu kingo za vioo vya zamani zilikuwa pana.

Baadaye viwanda vya Asia Mashariki vilijifunza kuijenga saketi ya kufungua mistari juu ya kioo chenyewe, katika hatua zilezile za kutengeneza nukta. Silikoni iliyopangwa upya kwa leza, na oksidi ambazo Hideo Hosono na wenzake wa Tokyo walizitangaza mwaka 2004, zilileta transista zenye kasi zaidi, hivyo ndogo zaidi. Ukingo ukawa uzi. Saketi ya kutoa viwango vya umeme, inayohitaji usahihi mkubwa, kwa kawaida imebaki nje, upande wa chini; ndiyo maana simu nyingi zina kidevu kinene kuliko mashavu.

Saketi iliyojengwa ukingoni hufanya kazi kama mbio za kupokezana vijiti: kila hatua huiamsha inayofuata. Mmoja akianguka, walio mbele yake hawapati kijiti. Bila shaka ndivyo ilivyotokea katika simu yangu.

Siulaumu ukingo mwembamba. Umepunguza vipuri na kutupa picha pana katika kifaa cha kiganjani. Nauliza tu: nani amelipia wembamba huo? Upana ule ulioondolewa ulikuwa pia nafasi ya fundi.

Nachingwea ina kumbukumbu yake ya mashine zilizobuniwa mbali. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mpango wa karanga huko Kongwa, na baadaye Urambo na Nachingwea. Matrekta, mengi yakiwa mabaki ya vita, yalitangulia kufika. Karakana, vipuri na mafundi vikafuata nyuma, na udongo ukawashinda. Mwaka 1951 mpango ulifutwa, ukiwa umepoteza takriban pauni milioni 36. Reli iliyojengwa kuihudumia Nachingwea ilifungwa mwaka 1962, ikang'olewa.

Leo ardhi ya Ruangwa ina kinywe, madini yanayotumika katika betri za simu hizihizi. Kinywe kitasafirishwa, nasi tutarudishiwa kitu kisicho na pa kushika. Sisemi tujenge kesho kiwanda cha vioo. Mitaji yake ni mizito mno. Nasema mambo mawili yaliyo ndani ya uwezo wetu. Kwanza, vyuo vyetu vya ufundi vifundishe kijana jinsi kioo kinavyofanya kazi, badala ya kumfundisha kukibadilisha tu. Pili, sheria zetu zimlinde mnunuzi. Tangu Juni 2025 Umoja wa Ulaya unawataka watengenezaji na waagizaji wa simu mpya wahakikishe vipuri, vioo vikiwemo, vinapatikana kwa miaka 7 baada ya modeli kuacha kuuzwa. Kwa nini mnunuzi wa Ruangwa astahili pungufu?

Nilimlipa kijana yule ujira wa kunieleza ukweli, ingawa aliukataa mara mbili. Simu yangu bado ina nusu ya picha. Yeye anastahili elimu nzima.