Viti, Dirisha na Nyaya: Historia ya Chumba cha Wanaanga

Uwanja mkuu wa ndege wa Columbus, Ohio, una jina la John Glenn, Mmarekani wa kwanza kuizunguka dunia. Siku ya safari hiyo, Februari 20, 1962, alibanwa ndani ya chombo chenye nafasi ya mita za ujazo 1.7 tu. Alilala chali kwenye kiti kilichotengenezwa kwa umbo la mwili wake, swichi zikiwa zimemzunguka.

Mpangilio huo ulizaa ubishi mkali. Wahandisi walipanga matundu mawili madogo na periskopu; marubani wakang'ang'ania dirisha, na wakalipata. Glenn alipopita Zanzibar, aliongea na kituo cha mawasiliano cha Wamarekani kisiwani. Muda mfupi baadaye akashuhudia jua likizama akiwa juu ya Bahari ya Hindi.

Baadaye, katika safari za Apollo, chombo cha kutua mwezini kilileta shida nyingine: uzito. Viti vikaondolewa, marubani wakasimama wakishikiliwa na kamba. Kwa kuwa nyuso zao sasa zilikaribia vioo, madirisha nayo yakapunguzwa. Katikati ya chumba ilichomoza injini ya kuwaondoa mwezini, kazi ya kampuni ya Bell, jirani na Buffalo, New York. Julai 1969, Neil Armstrong alijilaza juu ya kifuniko cha injini hiyo akitafuta usingizi.

Aprili 1970, tangi la oksijeni la Apollo 13 lilipasuka. Wanaanga watatu walikimbilia chombo cha kutua mwezini, na chumba chao kikuu, Odyssey, kikazimwa. Baridi ikashuka hadi karibu nyuzi 3, matone ya maji yakatanda kwenye paneli. Wakati wa kurudi duniani ulipofika, hofu ilikuwa umeme kupiga shoti. Haukupiga. Baada ya moto wa Apollo 1 kuua watu watatu Januari 1967, nyaya zilikuwa zimepangwa na kukingwa upya.

Wachunguzi walivifungua vifaa vya ndani vya Odyssey. Ganda likapelekwa Paris, na vifaa vikaonyeshwa kwenye makumbusho ya sayansi Louisville, Kentucky, vikiwa ndani ya chombo cha mazoezi. Baadaye vyote viliunganishwa tena Hutchinson, Kansas. Anayezitazama paneli hizo anatazama kinga iliyolipiwa kwa roho za watu watatu, ikaja kuokoa wengine watatu.