Makumbusho Yaliyotawanyika: Nanga za Wahaya na Hifadhi ya Sanaa za Maonyesho

Neno makumbusho linatokana na kukumbusha. Katika mhadhara huu nalitumia kwa maana hiyo ya msingi, ili niulize swali moja: sanaa za maonyesho za Buhaya zimehifadhiwa wapi, na hifadhi hiyo inamkumbusha nani?

Tumchukue mwanafunzi wa Izigo, wilayani Muleba, mkoani Kagera, anayetaka kujua jinsi tendi za nanga zilivyotambwa enzi za babu zake. Nanga ni ala ya nyuzi iliyochongwa kwa ubao mfano wa kihori. Jina hilohilo hutajia pia utendi unaoimbwa kwa kuifuata. Mtambaji hupiga, huimba, husimulia na kuigiza wahusika mbele ya hadhira. Ili kuipata sanaa hiyo kwa ukamilifu, mwanafunzi wetu hana budi kufunga safari tatu.

Ya kwanza ni ya Dar es Salaam, kwenye Kijiji cha Makumbusho kilichoanzishwa katika miaka ya 1960. Humo mna msonge wa Kihaya miongoni mwa nyumba za jadi za makabila mbalimbali. Atauona ukumbi, lakini hatamkuta mtambaji.

Ya pili ni ya Afrika Kusini. Mwaka 1950 Hugh Tracey alizunguka Tanganyika akirekodi muziki, nanga za Wahaya zikiwamo. Mwaka 1954 aliasisi Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Afrika, ambayo leo imo katika Chuo Kikuu cha Rhodes, mjini Makhanda. Huko ataisikia sauti, lakini hatauona uso wala mikono ya msanii.

Ya tatu ni ya maktabani. M. M. Mulokozi alizikusanya na kuzichambua tendi hizo kwa miaka mingi. Mwaka 1997 alichapisha makala juu ya mtambaji Habibu Selemani, aliyezaliwa yapata mwaka 1929 na kufariki mwaka 1993. Na mwaka 2002 kikatoka kitabu chake kuhusu mgogoro wa utendi wa Kiafrika. Hapo mwanafunzi atapata matini na ufafanuzi, bila sauti wala ukumbi.

Mtawanyiko huu una sababu zake. Kila taasisi ilikusanya kile ilichokiona kuwa kazi yake: makumbusho yalichukua nyumba, wanamuziki wakachukua sauti, wanafasihi wakachukua maneno. Aidha, kwa muda mrefu drama ilidhaniwa kuwa ni tamthilia iliyoandikwa. *Kinjeketile* ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa mwaka 1969, imo katika maktaba zetu kwa sababu ni kitabu. Penina Muhando na Ndyanao Balisidya waliupanua mtazamo huo mwaka 1976 katika *Fasihi na Sanaa za Maonyesho*, lakini utaratibu wa kuhifadhi haukubadilika kwa kasi ya nadharia.

Jambo hili si la kumbukumbu tu. Mwaka 1970 Ruth Finnegan alitilia shaka kuwapo kwa utendi barani Afrika. Hoja ya namna hiyo haijibiwi kwa hamasa, bali kwa ushahidi, na nanga za Kagera zilikuwa sehemu ya ushahidi uliotolewa na Mulokozi. Kama zisingekusanywa, mjadala ungeendelea bila sauti ya Wahaya.

Hata hivyo, ushahidi uliomnufaisha mtaalamu haujamfikia mwanafunzi wa Izigo. Dawa yake inajulikana. Katika muongo wa 2010, nakala za rekodi za Tracey zilirejeshwa kwa jamii za Kenya, wakiwamo Wakipsigis, na wazee wakasikiliza upya nyimbo za ujana wao. Kagera nayo yastahili hivyo. Sauti, matini na maelezo ya utendaji viwekwe pamoja, katika mkoa zilikotoka nanga zenyewe, kabla hawajatutoka wazee wanaoweza kufafanua kile ambacho kinasa sauti hakikukiona. Hapo ndipo hifadhi itakapostahili kuitwa makumbusho.