Penye kuku wengi: historia fupi ya adabu ya spoila

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa, mnisamehe, kazi ya kuandika programu haina Jumapili. Leo tuweke kando seva na hifadhidata, tuongee jambo dogo lililowahi kuniharibia siku.

Mwaka 2006 nilikuwa nafuatilia Prison Break kwa DVD za kuchomwa, zilizotufikia Nairobi wiki kadhaa baada ya Wamarekani kuona. Asubuhi moja mwenzangu wa kazini, mwenye ndugu ng'ambo, akaingia ofisini akitangaza ni nani ameuawa. Sikuwa nimemaliza hata chai. Jioni niliitazama ile DVD kama mtu anayesoma matokeo ya mechi ya juzi. Kosa langu? Kuchelewa tu.

Huko kutoboa siri ya hadithi ndiko kunakoitwa spoila. Mwaka 1971 jarida la ucheshi la Marekani, National Lampoon, lilichapisha makala ya Doug Kenney iliyomwaga miisho ya filamu na riwaya mashuhuri, kwa mzaha. Lakini adabu ya spoila, yaani kumwonya mwenzako kabla ya kumwaga mtama, ilikomaa kwenye kompyuta. Na ilikomaa kwa sababu kompyuta zenyewe zilikuwa za mwendo wa kobe.

Usenet ilibuniwa mwaka 1979 na Tom Truscott na Jim Ellis, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Duke. Haikuwa na seva moja kubwa kama mitandao ya leo. Kompyuta moja iliipigia nyingine simu, mara nyingi usiku wakati simu ni rahisi, ikakabidhi ujumbe, nayo ikaupitisha kwa inayofuata. Ulichoandika leo, mtu wa mji mwingine angeweza kukisoma baada ya siku kadhaa. Hapakuwa na "sasa" moja ya watu wote.

Juni 1982 ikatoka Star Trek II, filamu iliyozaliwa na kipindi cha runinga cha miaka ya 1960. Mwishoni mhusika mmoja mpendwa anafariki (simtaji, huenda hujaiona). Waliotoka sinema walitaka kulia pamoja na wenzao, lakini wengi walikuwa hawajaiona. Mwezi huohuo baadhi ya ujumbe kwenye Usenet ukaanza kubandikwa onyo: tahadhari, spoila.

Onyo peke yake halitoshi. Jicho lina haraka kuliko nia. Ukisoma neno "tahadhari" tayari limeshadokoa mstari wa chini. Basi mafundi wakatafuta dawa, na hapa ndipo mimi kama mwandishi wa programu ninapofurahi.

Dawa ya kwanza ilikuwa mistari mitupu. Skrini nyingi za wakati ule zilionyesha mistari 24, kwa hiyo uliacha nafasi ya kujaza skrini nzima kabla ya siri. Dawa ya pili ilikuwa herufi ya udhibiti namba 12 katika ASCII, unayoipata kwa kubonyeza Ctrl na L. Iliundwa kuiambia printa ianze ukurasa mpya, lakini programu za kusomea Usenet zilipoikuta zilisimama, zikamngoja msomaji abonyeze kitufe.

Dawa ya tatu ndiyo niipendayo: ROT13. Kila herufi inasogezwa nafasi 13 katika alfabeti. Neno "ameuawa" linakuwa "nzrhnjn". Kwa kuwa herufi ni 26, ukisogeza tena mara 13 unarudi ulikoanza. Kama una Linux jaribu mwenyewe:

echo nzrhnjn | tr 'A-Za-z' 'N-ZA-Mn-za-m'

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ROT13 ilitumika kufunika vichekesho vichafu, kisha ikahamia kwenye spoila. Kama ulinzi wa siri haifai kitu, mtoto wa darasa la tano anaweza kuivunja. Lakini haikuwa kufuli. Ilikuwa pazia. Pazia halimzuii mwizi. Linamwambia mgeni apige hodi. Aliyetaka kusoma alisoma, ila kwa mkono wake mwenyewe.

Mwaka 1990 kikaja Twin Peaks, na swali likawa moja: nani alimuua Laura Palmer? Mashabiki walirekodi kila sehemu kwa kanda za video, wakairudisha nyuma na kuichambua Usenet. Hata ndani ya Marekani watu hawakuwa sawa, kwani pwani ya mashariki huona vipindi vya jioni saa tatu kabla ya pwani ya magharibi. Saa tatu zatosha kuharibu uhondo.

Miaka ya 2000 mambo yakageuka. Survivor ilirekodiwa miezi kadhaa kabla ya kuonyeshwa, na wakajitokeza mashabiki ambao raha yao ilikuwa kuitafuta siri. Ya tatu, Survivor: Africa, ilirekodiwa papa hapa kwetu, hifadhi ya Shaba kule Isiolo, katikati ya 2001, ikaanza kuonyeshwa Oktoba. Mtafiti Henry Jenkins ameeleza katika kitabu chake cha 2006 jinsi wapelelezi wa kipindi hicho walivyochunguza hata picha za setilaiti. Kwao spoila ilikuwa mchezo wenyewe. Basi adabu ikawa kutenganisha vyumba: wapelelezi huku, wanaongoja huku, na mlango uandikwe wazi.

Kuna wanaosema tunajisumbua bure. Mwaka 2011 Jonathan Leavitt na Nicholas Christenfeld wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, waliwapa watu hadithi fupi 12, na kwa jumla waliofichuliwa mwisho mapema walizifurahia zaidi. Sawa. Lakini utafiti ule ulipima utamu wa hadithi. Haukupima maana ya kuamuliwa na mtu mwingine.

Februari 2013 Netflix ilitoa sehemu zote 13 za House of Cards kwa siku moja, na kuanzia 2015 HBO ikaonyesha Game of Thrones wakati mmoja katika nchi nyingi. Ungedhani kuchelewa kumeisha. Bado. Kuna asiyelipia huduma ile, kuna anayengoja bando la usiku, kuna aliyekuwa kazini. Na tofauti na ROT13, mitambo ya leo inakuletea picha na kichwa cha habari bila kukuuliza.

Ndiyo maana naiheshimu ile mistari 24 mitupu. Waliotangulia kuona walikubali usumbufu kidogo kwa ajili ya waliokuja nyuma, ambao hawakuwajua wala hawangewaona. Wazee walishasema penye kuku wengi hapamwagwi mtama. Watu wa Usenet waliongeza moja: ukilazimika kuumwaga, ufunike, kila mmoja afunue wakati wake ukifika.

Wewe je, nani alikuharibia uhondo? Niandikie, ila usitaje mwisho wa hadithi. Tuonane wiki ijayo, Mungu akipenda.