Mikono Chini, Miguu Juu: Sarakasi na Vijana wa Kibiti

Kusimama kwa mikono siku hizi kunafundishwa mara nyingi kwa jina la yoga, katika hoteli na kumbi za mazoezi za mijini, hata mtu akadhani ni starehe ya wageni na wenye nafasi. Historia ya Tanzania inasema vingine. Mwaka 1965, mwaka uleule Mwalimu Nyerere alipozuru China na kutia saini mkataba wa urafiki, serikali iliwapeleka vijana huko wakajifunze sarakasi. Walirejea mwaka 1969, na Kikundi cha Taifa cha Sarakasi kikaundwa. Hawakuimudu kazi hiyo kwa kipaji kitupu. Anayeanza huegemeza miguu ukutani au hushikwa na mwenzake; hujifunza kunyoosha viwiko, kuisukuma ardhi kwa mabega, na kukandamiza vidole ardhini kila mwili unapotaka kuanguka upande wa mgongo. Vifundo vya mikono hukomaa polepole. Kwa hiyo stadi hii huhitaji mwalimu, wenzi na muda, na hapa kwetu aliyevigharamia kwanza ni umma.

Rufiji, ambayo wakati huo ilijumuisha Kibiti ya leo, iliguswa na dola kwa namna nyingine. Kati ya 1968 na 1969, baada ya mafuriko, Operesheni Rufiji ilizihamisha familia kutoka bondeni, walikokuwa wakilinda mpunga juu ya madungu, na kuzipeleka nyanda za juu. Wakati taifa likijivunia wanasarakasi wake, wakulima hawa walihesabiwa kama watu wa kupangiwa makazi. Lakini miili stadi haikukosekana huko. Kijana wa Salale au Mbwera, katika delta, anayesimama katika mtumbwi na kuusukuma kwa pondo kati ya mikoko, huku maji yakienda mbio, tayari anajua kuupima uzito wake. Alichokosa ni mtu wa kuuendeleza ujuzi huo.

Wapo watakaopinga kuipeleka sarakasi huko, wakisema kwamba sarakasi na yoga ni mambo ya kigeni. Hoja hiyo haisimami. Yoga ya mikao migumu tunayoiona leo ilipata sura yake kwa kiasi kikubwa huko Mysore, India, miaka ya 1930, chini ya mwalimu Krishnamacharya, na watafiti wameonyesha jinsi ilivyochanganyika na jimnastiki za Ulaya. Hakuna taifa linaloweza kudai kwamba kusimama kwa mikono ni kwake peke yake. Na kumkabidhi kijana kwa mlezi, akakaa na wenziwe hadi afuzu, ni desturi ambayo Pwani inaijua tangu zamani kwa jando na unyago.

Pingamizi zito zaidi ni la mahitaji: mafuriko ya 2024 yaliharibu mashamba na nyumba Rufiji na Kibiti, sasa sarakasi ya nini? Mbegu na dawa zitangulie, hilo halina ubishi. Ila sarakasi haishindanii fungu hilo, kwa kuwa inataka ukuta, mchanga laini na mwalimu tu. Vikundi vya sanaa vya taifa, kikiwemo kile cha sarakasi, vilipovunjwa mwishoni mwa miaka ya 1970, ujuzi ulihamia vikundi vya burudani vya Dar es Salaam kama Muungano, na mwaka 1981 Chuo cha Sanaa kikaanzishwa Bagamoyo. Bagamoyo na Kibiti zimo katika mkoa mmoja wa Pwani. Chuo kikiwapeleka walimu wake kwenye shule za Kibiti, stadi iliyolipiwa na wananchi wote itawafikia hatimaye na wajukuu wa wale waliohamishwa bondeni.