Majahazi ya Mandvi, Kutch

Rao Khengarji wa Kwanza, mtawala wa Kutch, magharibi mwa India, aliuanzisha mji wa Mandvi katika karne ya 16, hapa ambapo mto Rukmavati unaingia baharini. Wageni wengi wanaofika Kutch huishia kwenye jangwa la chumvi la Rann, wakaukosa ukingo huu ambako vyombo vikubwa vya mbao vingali vinaundwa peupe, kila mpita njia akitazama.

Sogea karibu na ubavu wa jahazi. Chunguza mwanya kati ya ubao na ubao: umejazwa pamba iliyosokotwa, ikashindiliwa kwa nyundo na patasi hadi maji yasipate pa kupenya. Ni kalafati ile ile wanayoijua mafundi wa Lamu na Nungwi. Chombo kikubwa huweza kuchukua miaka kadhaa hadi kushushwa majini, na siku hizi hufungwa injini.

Enzi za tanga, majahazi ya Kutch aina ya kotia yalishuka na kaskazi hadi Zanzibar yakiwa na nguo za pamba, yakarejea na kusi yakiwa na pembe za ndovu na karafuu. Kampuni ya Jairam Shivji, ya ukoo wa Kutch, ndiyo iliyokusanya ushuru wa forodha wa Zanzibar kwa sehemu kubwa ya karne ya 19.

Ukimaliza hapa, ingia mjini uonje dabeli, chakula kilichobuniwa Mandvi: mkate mdogo wa mviringo uliojazwa viazi vya viungo, karanga na punje za komamanga. Kula ikiwa bado moto.